SHEHE, YULE DAKTARI WAKO YUKO WAPI? Historia ya kuulizana ijaza ya utabibu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu, niliahidi kuandika juu ya hijama na hawa wanaoipiga mitaani. Nimeanza mara mbili nikafuta. Kila nikianza najikuta narudi kwenye swali lililo nyuma yake: nani alikwambia kwamba huyu ni tabibu? Basi darsa ya leo ni ya historia, na hijama itaingia humo humo kwa sehemu yake. Ni ndefu. Mwenye haraka aihifadhi aisome baada ya Isha.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na makosa ya Baghdad nitakuwa nimekimbia.

Miaka kadhaa nyuma alikuja kijana msikitini kwetu hapa Makorora. Kanzu safi, ulimi mtamu, shingoni kile kipimo cha kusikilizia moyo, mkononi bahasha ya vyeti. Akasema yeye ni daktari, anaomba kuwapima waumini presha na sukari bure baada ya swala ya Ijumaa. Nilivitazama vile vyeti kama mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua. Nikaona mihuri, nikaona rangi, nikarudisha. Kisha nikashika kipaza sauti nikasema: "Ndugu zangu, huyu ni daktari wetu, tumsikilize." Watu wakapanga foleni uani mpaka alasiri.

Katika foleni ile alikuwemo bibi mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima, aliyekuwa akimeza vidonge vya presha vya hospitali kwa miaka. Kijana akamwambia vidonge vile vinamla figo, aviache, achukue kwake chupa ya dawa ya miti. Chupa ililipiwa, kipimo tu ndicho kilikuwa bure. Haukwisha mwezi, bibi akaanguka chooni. Kiharusi. Alhamdulillahi hakufa, lakini mkono wa kulia haukurudi, na maneno yake mpaka leo yanatoka nusu nusu.

Mwanawe alinifuata baada ya Magharibi. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Shehe, yule daktari wako yuko wapi?"

Daktari wako. Simu ya yule kijana ilikuwa haipatikani. Nikatafuta kichwani jina la chuo alichosoma, sikulipata. Namba yoyote ya usajili, sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mihuri. Bibi yule hakumwamini kijana wala hivyo vyeti, ambavyo hata hakuviona. Aliniamini mimi. Mimi ndiye niliyekuwa ijaza ya yule kijana.

Sasa tuingie darsani.

Iko hadithi waliyoipokea Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah, kwa njia ya Amr bin Shuayb, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Maana yake ni kwamba mtu akijitia kutibu, naye kabla ya hapo hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni dhamini wa madhara yatakayotokea. Wanazuoni wana maneno juu ya sanad yake, na Abu Dawud mwenyewe ni katika walioyasema, lakini mafaqihi wameifanyia kazi maana yake. Ibnul Qayyim ameieleza katika Zadul Maad akawagawa matabibu mafungu matano, kuanzia yule bingwa aliyefanya kazi yake sawasawa asidaiwe kitu, mpaka yule mjinga aliyejivika joho, ambaye hana pa kutokea.

Mimi nimeisoma hadithi hii tangu nikiwa kijana, na miaka yote nilidhani inasema juu ya mtu asiyejua. Siku niliyoulizwa swali lile nikairudia, ndipo nikaona. Haikusema asiyejua. Inamtaja asiyejulikana.

Tofauti yake ni kubwa. Kujua kuko kifuani mwa mtu, nawe huwezi kukifungua ukachungulia. Kujulikana ni jambo la nje, lina mashahidi: alisoma kwa fulani, akakaa na fulani, akatibu mbele ya watu, na waliomfundisha wakikubali kusimama wakasema ndiyo, huyu ni wetu. Sheria haikukudai wewe mgonjwa upime elimu ya tabibu. Imemtaka tabibu awe mtu wa kuulizikana.

Katika mji mdogo jambo hili linakwenda lenyewe. Imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (radhiya Allahu anhu) alipougua kifua, Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa ni mtu anayeshughulika na utabibu. Bwana huyu alikuwa mashuhuri, Waarabu wote wakimjua. Hata mabibi zetu huku pwani hawakuwa na haja ya cheti cha mkunga. Mkunga wa mtaa alijulikana kwa watoto waliokuwa wakikimbia mbele ya macho yao. Taabu inakuja mji unapokua, mgonjwa na tabibu wakawa wageni. Hapo kujulikana kunahitaji chombo, na historia ninayokuleteeni leo ni ya vyombo hivyo.

Twende Baghdad, mwaka 319 Hijria, yaani 931 Miladia. Khalifa ni al-Muqtadir. Ikamfikia habari kwamba mtu wa kawaida amekufa kwa kosa la tabibu. Khalifa akamwamuru muhtasib, yule afisa wa hisba anayekagua mizani ya sokoni na maziwa yaliyotiwa maji, kwamba kuanzia siku ile asiachwe mtu kutibu mpaka kwanza ahojiwe na Sinan bin Thabit bin Qurra. Sinan alikuwa mkubwa wa matabibu, mtoto wa mwanahisabati maarufu Thabit bin Qurra. Na ujue kwamba wakati huo Sinan hakuwa Mwislamu. Alikuwa Msabii wa asili ya Harran, na vitabu vinasema alisilimu baadaye, zama za al-Qahir. Khalifa wa Waislamu akampa yeye kazi ile kwa kuwa ndiye aliyejulikana kwayo. Nalisema hili kwa wale ndugu zangu wanaoniandikia wakiuliza kama inafaa kutibiwa na daktari asiyekuwa wa dini yetu.

Walihojiwa watu 860 na zaidi, pande zote mbili za mji. Hawakuitwa waliokuwa mashuhuri tayari, wala waliokuwa katika utumishi wa Sultani. Na kila aliyefaulu, Sinan alimwandikia kwa mkono wake kibali kinachotaja kazi gani anaruhusiwa kuifanya. Hapa pana siri ya mambo yote. Karatasi ya Sinan haikusema tu "huyu ni tabibu". Ilisema huyu anaruhusiwa hili, ikanyamaza kwa mengine.

Al-Qifti na Ibn Abi Usaybia wameandika kisa cha siku zile. Aliingia mzee mmoja wa heshima, mavazi mazuri, haiba kamili. Sinan akamkaribisha pembeni yake, na alipomaliza wengine akamgeukia akasema angependa kusikia kwa mzee jambo la kulihifadhi, na amtajie mwalimu wake katika fani. Mzee akatoa katika mkono wa nguo yake karatasi yenye dinari nzuri, akaiweka mbele ya Sinan. Akakiri kwamba hajui vizuri kusoma wala kuandika, na hajasoma kitu cha utabibu, lakini ana watoto, na riziki yao inatoka humo, basi asimkatie. Sinan akacheka. Akamwachia kwa sharti: asimwendee mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiamuru kutoa damu au dawa kali ya kuharisha, ila katika maradhi mepesi. Mzee akasema huo ndio mwendo wake maisha yote, hajawahi kuvuka sakanjabin na julabu, yaani siki iliyotiwa utamu, na maji ya waridi yenye sukari.

Kesho yake akaingia kijana mtanashati. Umesoma kwa nani? Kwa baba yangu. Baba yako nani? Yule mzee aliyekuwa kwako jana. Sinan akasema, mzee mzuri yule, nawe uko kwenye njia yake? Ndiyo. Basi usiivuke.

Wengi hukisimulia kisa hiki ili watu wacheke, na kweli kinachekesha. Lakini tazama aliuliza nini. Kwa mzee na kwa kijana swali ni lile lile: umesoma kwa nani? Halafu mpaka: usivuke hapa. Mzee yule alikuwa salama kwa watu kwa kuwa alijua mwisho wake uko wapi. Kijana wangu wa Ijumaa hakuwa na mwisho. Angeishia kwenye kupima presha, bibi angekuwa mzima leo. Hata hivyo mimi na Sinan hatukubaliani katika kumwachia yule wa pili. Mzee alikuwa na miaka ya kutodhuru mtu. Mtoto alikuwa na nini zaidi ya jina la baba? Mambo ya kurithishana utabibu kwa jina tunayajua sana Tanga.

Miaka mia mbili na zaidi baadaye, zama za Salahuddin, ash-Shayzari akaandika kitabu cha kumwongoza muhtasib sokoni, sura kwa sura: waoka mikate, wauza samaki, wauza manukato. Matabibu nao wamo. Anataka waapishwe kiapo cha Hippocrates kwamba hawatampa mtu sumu wala kufichua siri za watu. Tabibu wa macho ahojiwe juu ya maandishi kumi ya Hunayn bin Ishaq kuhusu jicho, na waunga mifupa wajue idadi ya mifupa na umbo la kila mmoja. Yaani kila mtu kwa mlango wake.

Na hapa ndipo ninapowataka ndugu zangu wapigaji wa chuku. Mtoaji damu kwa kukata mshipa, anasema ash-Shayzari, na ajizoeze kwanza kwenye majani ya silq, kwenye ile mishipa ya jani, mpaka mkono wake utulie. Silq ni yale majani mapana ambayo sisi sokoni tunayaita spinachi. Jani la mboga kwanza, ngozi ya binadamu baadaye. Leo mtu anaangalia video mbili kwenye simu, ananunua vikombe na wembe, kesho ameandika "Dokta" juu ya mlango. Hijama ni sunna, sibishani na mtu. Lakini usunna wa jambo haumfanyi kila mtu kuwa fundi wa jambo hilo. Kuswalisha ni sunna vilevile, na hatumtangulizi asiyejua Alhamdu.

Ash-Shayzari anataja pia utaratibu anaounasibisha na zama za Wayunani, nao ni wa kustaajabisha. Tabibu akimwona mgonjwa anaandika alichokiona na dawa aliyoamuru, anaacha nakala kwa jamaa za mgonjwa mbele ya mashahidi. Anarudi kesho, anaandika tena. Mgonjwa akipona, tabibu anachukua ujira. Akifa, jamaa wanabeba zile karatasi mpaka kwa tabibu mkubwa wa mji. Akiona kazi ilifanywa inavyopasa, anawaambia ajali yake imefika. Akiona uzembe, anawaambia chukueni diya kwa tabibu huyu. Hilo ni faili la mgonjwa, ndugu yangu, na mwenye kulisoma faili ni mtu mwingine asiyekuwa aliyeliandika.

Msomaji wa madrasa hapa ameshashtuka, maana anaijua njia hii. Ndiyo kazi ya watu wa hadithi. Mpokezi akisema "nimesikia kwa fulani", hawakuishia kumtazama uso. Walimuuliza: ulimsikia mji gani, mwaka gani? Kisha wakaenda kuangalia huyo fulani alikuwa hai mwaka huo, na alikuwa mji huo. Wapo walioanguka kwa hesabu hiyo tu, kwa sababu mwalimu waliyemtaja alikuwa amekufa kabla wao hawajazaliwa. Na ijaza tunazopewa vyuoni ni mlolongo wa majina yanayoulizikana. Mimi niliyelelewa katika elimu hii ya kuuliza sanad ya kila neno, nilimpa kipaza sauti mtu bila kumuuliza hata jina la mwalimu wake.

Tuhame sasa tuje karibu, kwa kupitia Ulaya, kwa sababu utaratibu tulionao hospitalini ulitujia na Waingereza. Nao usidhani walikuwa nao tangu zamani. Uingereza haikuwa na daftari moja la taifa la madaktari mpaka sheria ya mwaka 1858, ilipoundwa baraza la kusajili. Kabla ya hapo kulikuwa na vyama na vyuo vingi, kila kimoja na karatasi yake, na mgonjwa akitapatapa katikati. Marekani ndiko ilikoanzishwa hii kazi ya hospitali yenyewe kuwachuja madaktari wake. Chama cha madaktari wa upasuaji cha huko kiliandika masharti ya chini kabisa mwaka 1917, yaliyoenea ukurasa mmoja: madaktari wa hospitali wawe kundi lililopangwa, wawe wamehitimu na wana leseni, wakutane kupitia kazi zao, na kila mgonjwa awe na kumbukumbu iliyoandikwa. Mwaka 1918 wakakagua hospitali kubwa 692. Zilizofaulu zilikuwa 89. Na orodha ya majina ikachomwa moto katika tanuri la hoteli moja ya New York kabla waandishi wa habari hawajaipata. Hospitali zenye majina makubwa zilikuwa zimeanguka. Kwa hiyo anayekwambia kuulizana karatasi ni dalili ya nchi maskini isiyoaminiana, mpe kisa hiki.

Huku kwetu Tanganyika utaratibu ulikuja umebeba mambo mawili kwa pamoja, zuri na baya.

Zuri ni kwamba kila mtu aliandikiwa daraja lake. Kuanzia mwaka 1926 Waingereza waliwafundisha vijana kufunga vidonda na kutoa dawa chache, wakawekwa vijijini chini ya serikali za wenyeji. Hao ndio madresa, na wazee wetu wanalikumbuka jina (dresa, si madrasa, ingawa siku hizo zote mbili zilikuwa na fimbo). Hospitalini walikuwepo wasaidizi wa tiba, na Wahindi waliokuja na stashahada za kwao. Watu wa mtaani wao waliwaita wote daktari. Mgonjwa hana daraja anazozihesabu, anaona koti jeupe tu. Dresa mzuri alijua mwisho wake, kama yule mzee wa sakanjabin. Aliosha kidonda, akafunga, na kilichomshinda akakipeleka Bombo.

Baya ni kwamba daftari lilitumika pia kumnyima mtu jina lake. Shule ya udaktari ya Mulago kule Uganda, iliyoungana na Makerere, ilianza miaka ya 1920. Vijana wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa Tanganyika, walisoma pale miaka mingi, wakatoka wanajua kupasua na kutibu. Lakini cheti chao hakikutambuliwa na lile baraza la Uingereza, na kwa muda mrefu waliwekwa katika daraja la wasaidizi, chini ya Mzungu kwa cheo na kwa mshahara. Kutambuliwa kukaja mwishoni mwa miaka ya 1950, ukoloni wenyewe ukiwa unafunga mizigo. Hawa walikuwa wanajua, na wagonjwa waliwajua. Daftari ndilo lililokataa kuwajua. Nalitaja hili kwa uadilifu, ili usije ukafikiri ninaabudu karatasi. Karatasi ni shahidi, na shahidi naye huulizwa kama ni mwadilifu.

Matokeo yake ni kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961, hesabu ambayo Mwalimu Nyerere alipenda kuikumbusha ni kwamba tulikuwa na madaktari 12 tu wazalendo. Kumi na wawili, nchi nzima, kuanzia Tanga mpaka Kigoma. Mwaka 1963 ikaanzishwa shule ya udaktari Dar es Salaam, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili. Katika uchache ule watu walijuana kwa majina. Leo vyuo ni vingi, wahitimu ni maelfu, na mashine ya kuchapa cheti iko kila mtaa wenye steshenari. Magazeti yetu yameandika mara ngapi juu ya "daktari feki" aliyekamatwa wodini na koti lake?

Chombo chetu cha sasa Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, linaloendeshwa kwa sheria ya mwaka 2017. Jina la Tanganyika limebaki humo kwa sababu afya si jambo la Muungano, na Zanzibar wana baraza lao. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, wafamasia lao, na ndugu zetu wa tiba asili na tiba mbadala nao wana baraza lao, kwa sheria ya mwaka 2002. Kwa hiyo mtu wa dawa za miti asikwambie kwamba yeye hana pa kuandikwa. Anapo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochanganya. Cheti cha chuo kinasema mtu alisoma, akafaulu. Usajili unasema baraza limemkubali baada ya masomo na mwaka wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa. Leseni inasema sasa hivi, leo, anaruhusiwa kutenda kazi, maana inahuishwa, na anaweza kunyang'anywa. Na la nne ndilo lile la Sinan: kazi gani hasa anaruhusiwa katika hospitali hii. Mtu anaweza kuwa na matatu ya mwanzo halali kabisa, na bado asiwe mtu wa kumpasua mwanao kichwa. Hospitali kubwa za huko nje zina ofisi nzima isiyotibu hata mafua. Kazi yake ni mafaili ya madaktari: amesoma wapi, nani amethibitisha, aliwahi kufukuzwa, orodha ya kazi anazoruhusiwa, na kila baada ya miaka michache faili linafunguliwa upya.

Na chombo kikali kuliko vyote katika ofisi hizo ni kitu kidogo sana. Hawamuulizi mwenye cheti, wanamuuliza aliyekitoa. Vijana wetu wauguzi na madaktari wanaoomba kazi Oman, Saudia na Dubai wanalijua hili, wanaliita DataFlow, kwa jina la kampuni inayoifanya kazi hiyo. Unalipa, unapeleka vyeti, halafu wao wanaandika moja kwa moja chuoni kwako na barazani kwako, na jibu halipiti mkononi mwako. Wengi hunung'unika kwangu: shehe, wanatudharau. Siyo dharau. Imam Bukhari hakuwa akimdharau kila aliyemchunguza sanad yake.

Nasi msikitini tuna daftari sasa, la kawaida tu la kurasa mia, linakaa kabatini pamoja na misahafu. Yeyote anayetaka kupima au kutibu watu uani kwetu, au hata kutangaza dawa baada ya swala, anaandikwa humo: jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, chuo na mwaka, namba ya usajili na ni baraza gani, leseni inaisha lini, anafanya kazi wapi na mkubwa wake ni nani. Kisha tunaandika anakuja kufanya nini hasa, kupima tu au na kutibu, na akiandikwa kupima hauzi chupa. Mwisho tunaandika nani wa kwetu aliyepiga simu kuthibitisha, siku gani, na alizungumza na nani. Namba ya simu ya chuo au ya hospitali hatuichukui kwenye karatasi aliyotuletea. Tunaitafuta wenyewe, maana aliyechapa cheti cha uongo hashindwi kuchapa namba ya rafiki yake. Na msikiti wowote ukitaka kuiga, uige, haki zote si zetu.

Zamani kidogo alikuja daktari wa kweli, mwenyeji wa hapa hapa, mtoto wa watu tunaowajua, amerudi likizo kutoka Muscat, anataka kuwapima wazee kisukari. Nilimwomba karatasi, nikamwomba na subira. Nilikuwa na haya, nimemwona akicheza mpira hapa mtaani. Ilichukua siku kumi mpaka kila mahali wajibu. Nikamwomba radhi. Akacheka akasema, "Shehe, Muscat walinisubirisha miezi mitatu. Wewe mwepesi."

Ijumaa ile nikampa kipaza sauti mwenyewe ajieleze, sikumsemea. Uani, kwenye meza ya kuandikia majina ya wanaopimwa, alikaa yule mtoto wa bibi. Daftari analishika yeye tangu siku ya kwanza, na simu anapiga yeye.

Wallahu a'lam.